Majirani Uyole: bomba la kupita, dizeli ya lori

*Jumatano jioni*

Mama Neema: Majirani habari za jioni. Bei mpya za mafuta za EWURA mmeziona? Dizeli imepanda. Dereva wa Fuso la viazi la Ijumaa keshanipigia, anataka aongezwe.

Gwamaka Boda: Shikamoo mama. Nimeziona. Na Mbeya tuko juu ya Dar kama kawaida yetu.

Mama Neema: Marahaba. Sasa ndicho kinachonishinda. Bomba la mafuta linatoka Kigamboni, linapita mkoani kwetu humu humu, linakwenda Zambia. Mafuta yanatupita chini ya miguu, ya kwetu tunaletewa na lori kutoka Dar. Hiyo ni akili ya wapi?

Baba Tusa (Tanki): Akili ya kutulinda sisi madereva 😂 Msiiguse.

Mama Neema: Wewe uko wapi leo?

Baba Tusa (Tanki): Tunduma. Foleni haisogei. Utingo anachemsha chai pembeni ya tairi, mimi nasoma makelele yenu.

Mwenyekiti wa Mtaa: Kabla hamjaenda mbali, kesho asubuhi maji yatakatika, kingeni leo. Na Jumamosi kikao na diwani, saa nne, ofisi ya mtaa. Endeleeni.

Mwalimu Mstaafu: Mama Neema, hilo bomba la TAZAMA lina historia, ndiyo maana halina koki hapa. Ian Smith, kiongozi wa walowezi, alijitangazia uhuru wa Rhodesia (Zimbabwe ya leo) Novemba 1965, na Zambia, ambayo mafuta yake yalikuwa yakipitia huko kusini, ikakatiwa. Mapipa yakaanza kupelekwa kwa ndege, mengine kwa malori kwa barabara hii hii, ambayo zamani hizo ilikuwa vumbi kiangazi na tope masika. Nilikuwa mtoto. Lori likizama, kijiji kizima kinatoka kusukuma, na dereva anawaachia sigara wakubwa. Ndipo serikali mbili zikaamua kulaza bomba, Wataliano wakalijenga, likaanza kazi 1968. Kilometa 1,710 mpaka Ndola. Theluthi mbili ni mali ya Zambia, theluthi moja yetu.

Gwamaka Boda: Theluthi moja yetu na hata lita moja hatuchoti. Shikamoo mwalimu.

Mwalimu Mstaafu: Marahaba. Ungechota nini? Kwa karibu miaka hamsini lilibeba mafuta ghafi, yanakwenda kusafishwa kiwanda cha Indeni kule Ndola. Ungejaza hayo kwenye pikipiki yako ungeisukuma mpaka Mwanjelwa. Ni 2023 tu ndipo likageuzwa kubeba dizeli iliyokwisha kusafishwa. Kwa hiyo swali la koki halina hata umri wa mtoto wa darasa la kwanza.

Mama Neema: Haya, sasa ni dizeli safi. Wafungue.

Mwalimu Mstaafu: Na hiyo dizeli imeingia kama mzigo wa transiti, haijalipiwa kodi ya Tanzania. Ukitaka kuitoa Mbeya unahitaji depo, matangi, mita ya kupimia, na TRA wakae pale usiku na mchana. Halafu mkubaliane na Zambia, maana wao ndio wenye hisa kubwa na wao ndio wenye kiu. Si kazi ya fundi bomba.

Dada Tulla Hoteli: Mwalimu ahsante. Sasa na mimi niseme, maana hapa kila mtu analia bei. Tangu dizeli ya Zambia iingie kwenye bomba, wateja wangu wa usiku wamepungua. Dereva mmoja wa tanki ni sahani mbili (utingo naye anakula), ni chumba, ni maji ya moto ya kuoga, ni kuchaji simu, ni chupa ya chai ya kuondokea alfajiri. Fundi tairi wa pale nje anakula kwa huyo huyo. Bomba halili wali.

Gwamaka Boda: Bomba halili wali 😂😂

Dada Tulla Hoteli: Cheka. Nina wasichana watatu pale, na wao hawali hewa.

Baba Tusa (Tanki): Dada Tulla anasema kweli tupu. Mimi nilikuwa nabeba dizeli ya Ndola. Bosi alituita akasema mzigo umekwisha, wengine wakapumzishwa. Mimi nikabahatika kupewa petroli, kwa sababu petroli bomba halibebi, bado inapita juu. Wenzangu wamehamia mzigo wa Kongo. Sasa mkisema lijengwe na bomba la pili kama serikali zinavyozungumza, hata hii petroli itazama chini. Mimi nina mkopo wa nyumba.

Mama Neema: Pole baba. Lakini mimi nami nina viazi. Hatuwezi wote tukalipia dizeli ghali ili Tulla auze wali.

Dada Tulla Hoteli: Mama Neema!

Mama Neema: Nimesema kwa upendo mwe.

*Ujumbe huu umefutwa*

Mwenyekiti wa Mtaa: Baba Ipyana umefuta nini? Tumeshaona.

Baba Ipyana: Nitaandika vizuri baadaye.

Neema (Mzumbe): Mama, samahani naingilia wakubwa, shikamooni wote. Nimepiga hesabu. Dizeli ya Mbeya huwa inaizidi ya Dar kwa shilingi mia na kitu kwa lita. Hicho ndicho lori linachotuongezea. Fuso la viazi kwenda Dar, kilometa mia nane na ushee, tuseme linakunywa lita 240. Mara mia, ni shilingi elfu ishirini na nne, weka na hicho kitu ifike elfu ishirini na tano. Gawanya kwa gunia mia moja. Ni shilingi mia mbili na hamsini kwa gunia. Na hapo nimefanya kana kwamba bomba linasafirisha bure, wakati nalo linatoza.

Mama Neema: Mia mbili na hamsini?

Neema (Mzumbe): Ndiyo mama. Pipi tano.

Mama Neema: Yaani nimemgombeza Tulla kwa pipi tano.

Dada Tulla Hoteli: Nimekusamehe. Kesho njoo unywe supu, utalipa.

Gwamaka Boda: Neema subiri kwanza. Kama siyo lori, dizeli inakuwa ghali kwa nini?

Neema (Mzumbe): Sehemu kubwa ni bei ya soko la dunia, meli, na dola. Halafu kodi na tozo. Bajeti ya 2023/24 iliongeza shilingi 100 kwa kila lita kwa ajili ya miradi ya kimkakati. Angalia vizuri: tozo hiyo moja peke yake inakaribia gharama yote ya kuburuta lita kutoka Dar mpaka Mbeya, na kupanda mlima Kitonga juu yake.

Gwamaka Boda: Eh!

Mwalimu Mstaafu: Hesabu nzuri mwanangu. Ila umepima viazi tu. Kuna kitu hakionekani kwenye stakabadhi ya sheli. Bomba lilijengwa kubeba tani milioni 1.1 kwa mwaka. Tanki moja la barabarani lina tani kama thelathini. Gawanya.

Neema (Mzumbe): Elfu thelathini na sita na ushee kwa mwaka. Kama matanki mia moja kila siku.

Mwalimu Mstaafu: Hayo likiwa na nguvu zake zote, na leo ni mzee, halifikishi hapo. Lakini hata ukitoa nusu, yaongeze kwenye barabara yetu leo. Yapite Igawa, Chimala, Inyala, Uyole, Mbalizi, Tunduma. Na kila moja lirudi tupu.

Gwamaka Boda: Hapo Inyala mwalimu umenigusa. Ule mteremko wa pale panapoitwa Pipeline mimi nikiwa na abiria nasimama pembeni lori lipite kwanza. Unalisikia kabla hujaliona, breki zinanukia mpira unaoungua mpaka ndani ya helmeti. Dereva akiwa ameweka nyutro kubana mafuta, basi tena, anayekuja mbele yake Mungu amsaidie. Watu wangapi tumewazika kwa sababu ya mteremko ule?

Baba Tusa (Tanki): Si wote tunaweka nyutro kijana. Wengine tumesoma.

Gwamaka Boda: Sikukusema wewe baba. Lakini Msamvu, Morogoro, Agosti 2019, lilikuwa tanki moja tu. Lilianguka, watu wakakimbilia na madumu, wakafa zaidi ya mia. Wengi wao vijana wa bodaboda kama mimi. Bomba lingekuwa na ubaya gani kuliko huo?

Baba Tusa (Tanki): Nalo bomba likitobolewa shambani na wezi? Watu watakuja na madumu yale yale. Lori angalau lina mimi, nitapiga kelele. Na chuma cha 1968 kiko chini ya udongo wetu, kikivuja kwenye mto nani atajua? Gharama ya kukikarabati ni ya nani? Kampuni ya serikali ikipata hasara halii mkurugenzi, tunalia sisi. Bosi wangu lori likifa analitengeneza kwa hela yake.

Mwalimu Mstaafu: Na barabara anayoipasua anaitengeneza kwa hela ya nani?

Baba Tusa (Tanki): Mwalimu umenibana 😅 Lakini tunalipa tozo ya barabara kwenye mafuta.

Mwalimu Mstaafu: Analipa hata Gwamaka, na pikipiki yake haijawahi kubonyeza lami.

Mama Neema: Mimi nataka kujua huu umiliki. Lile bomba jipya la Hoima, Uganda, mpaka Tanga nalo ni la serikali?

Neema (Mzumbe): Hapana mama. Lile la EACOP, kilometa 1,443, sisi kupitia TPDC, shirika letu la mafuta, tuna asilimia 15, Uganda 15, Wachina wa CNOOC 8, na TotalEnergies ya Ufaransa 62. Na lile linabeba ghafi kwenda melini, siyo dizeli ya kutumia. TAZAMA ni la serikali mbili tupu. Faida yake haiendi Paris. Hasara yake nayo haiendi Paris.

Mwalimu Mstaafu: Kwangu mimi hapo ndipo penye jambo. Bomba la serikali hulijengi ili liuze dizeli rahisi. Lilijengwa ili jirani asinyongwe. Ndola hawakuwa na njia nyingine ya uhakika. Ukilipima kwa faida ya mwaka tu utalifunga, na siku ya shida utalitafuta.

Gwamaka Boda: Sawa mwalimu, lakini jirani anasaidiwa, sisi tulio katikati tunapata nini? Kituo cha kusukuma mafuta Mbeya kina ajira ngapi? Walinzi na mafundi wachache. Bandari inapata Dar, makao makuu yako Ndola, sisi tumebaki na jina la mteremko.

Dada Tulla Hoteli: Jina la mteremko na misiba.

Baba Ipyana: Haya sasa niseme nililofuta. Mnagombea koki, mimi bomba liko kwenye kiwanja changu. Nilinunua kwa dalali, akanionyesha mipaka, akaniapia kwa watoto wake. Nimeshamwaga msingi na kozi nne za tofali ndipo mzee mmoja wa jirani akaniuliza, baba, hii nguzo ndogo kwenye migomba umeisoma? Kumbe ni alama ya mkuza, ukanda wa bomba usioruhusiwa kujengwa. Nusu ya nyumba iko ndani ya mkuza wa bomba. Dalali namba haipatikani.

Mama Neema: Yesu wangu.

Mwenyekiti wa Mtaa: Mbona hukuja ofisini?

Baba Ipyana: Aibu mwenyekiti.

Mwalimu Mstaafu: Acha aibu. Usiongeze hata tofali moja. Ndani ya mkuza hata fidia hutadai, maana bomba lilitangulia. Karatasi ya mauziano unayo? Ina saini ya mashahidi?

Baba Ipyana: Ninayo. Mashahidi wawili, mmoja yuko hapa hapa mtaani.

Mwenyekiti wa Mtaa: Njoo nayo kesho, kabla ya kikao. Huyo shahidi nitamfuata mwenyewe usiku huu.

Mama Neema: Basi Jumamosi diwani aulizwe hayo kwanza. Alama za mkuza zionyeshwe mtaa mzima, zipakwe rangi, watu wasiuziwe bomba. Pili, hilo bomba jipya likija, depo ya mikoa ya kusini inakaa wapi, na vijana wa hapa wanaingiaje. Hiyo shilingi mia yangu nimeiacha.

Dada Tulla Hoteli: Na wa hoteli za barabarani?

Baba Tusa (Tanki): Na madereva?

Mama Neema: Njooni mseme wenyewe. Baba Tusa kama hujavuka andika maswali yako, Neema atayasoma.

Baba Tusa (Tanki): Yako matatu. La kwanza ni choo hapa Tunduma, hilo siyo la bomba lakini diwani alisikie.

Mwenyekiti wa Mtaa: Tunduma siyo kata yetu Baba Tusa. Saa nne kamili. Watakaochelewa wasimame nje, viti havitoshi.