Stockfish inakufa ikianza kuchambua, na kasi ni ndogo: naomba ushauri

Ngome64:
Wakuu, naombeni msaada. Mashine ni Ryzen 7 2700 (viini 8, nyuzi 16), RAM GB 16, Windows 10. Nimeweka Stockfish (injini ya sataranji, yaani programu inayokokotoa hatua) mpya mahali pa ile ya zamani kwenye programu ya kuchambua sataranji, faili la bmi2 (la prosesa zenye amri za BMI2). Shida ni hizi:

Nikitumia wasifu (mipangilio iliyohifadhiwa) uleule wa injini ya zamani, injini inakufa papo hapo nikibonyeza kuchambua. Nikiisajili upya kama injini nyingine, inawaka. Ikishawaka, kompyuta nzima inakuwa nzito na taa ya diski haitulii. Kete zikibaki chache, kasi inaporomoka zaidi. Na hata mwanzoni kabisa, nodi (nafasi zinazokaguliwa) kwa sekunde ni chache kuliko nilivyotarajia kwa prosesa hii.

Mipangilio: Threads (nyuzi) 16, Hash (kumbukumbu ya injini, kwa MB) 12288, MultiPV (idadi ya njia bora zinazoonyeshwa) 5. Majedwali ya Syzygy (matokeo yaliyokwishahesabiwa ya nafasi zenye kete chache) ya kete 6 yako kwenye diski ya nje ya USB, ile ya kuzunguka.

KeteNyeusi:
Mkuu, kabla ya kugusa mpangilio wowote, itenge injini na hiyo programu. Fungua dirisha la amri ndani ya folda ya Stockfish, andika jina la faili la injini, acha nafasi, kisha andika bench (jaribio la kupima injini). Mwishoni utaona mistari miwili ya maana: Nodes searched (jumla ya nodi) na Nodes/second (nodi kwa sekunde).

Bench ya kawaida hutumia uzi mmoja na Hash ya MB 16, kwa hiyo Nodes searched haina budi kuwa namba ileile kila ukirudia, tena ileile kwenye kompyuta yoyote yenye toleo hilohilo. Ikibadilika, achana na mipangilio: RAM au prosesa inakosea hesabu. Rudisha kasi ya RAM na prosesa kwenye hali ya kiwandani, halafu pima RAM kwa MemTest86. Usilinganishe matoleo mawili tofauti ya Stockfish, maana kila toleo lina namba yake.

Bench ikipita salama huku injini inakufa ndani ya programu, kosa liko kwenye wasifu. Kwako nashuku EvalFile, mpangilio unaotaja faili la mtandao wa nyuro ambao injini hutumia kupima nafasi. Programu nyingi huhifadhi jina la mtandao wa nyuro wa injini ya zamani na kulituma kwa injini mpya. Stockfish isipopata mtandao unaooana nayo hutoa ujumbe wa kosa na kujizima yenyewe. Tangu toleo la 16.1 la mwaka 2024 mitandao ni miwili, kwa hiyo kagua EvalFile na EvalFileSmall, urudishe zote kwenye thamani za awali. Njia safi zaidi ni kufuta wasifu na kusajili upya, kama ulivyoona mwenyewe.

Mdau_wa_Nodi:
Kuhusu kasi ya mwanzoni: acha bmi2, pakua faili la avx2 la toleo lilelile. Ryzen 7 2700 ni ya kizazi cha Zen+ cha AMD. Zen, Zen+ na Zen 2 zinaikubali amri ya pext (mojawapo ya amri za BMI2) lakini zinaitekeleza polepole mno, na faili la bmi2 linaitegemea hiyo. Kuanzia Zen 3 tatizo hilo halipo. Endesha bench kwa mafaili yote mawili: toleo ni lilelile, kwa hiyo Nodes searched zitalingana, tofauti itaonekana kwenye Nodes/second.

Hash 12288 kwenye RAM ya GB 16 ni kujiumiza. Windows na kivinjari vikidai sehemu yao, kumbukumbu inahamishiwa kwenye diski, ndiyo maana taa haitulii. Weka 4096, kisha soma hashfull, inayoonyesha sehemu ngapi kati ya elfu moja za Hash zimejaa. Kama baada ya uchambuzi mrefu bado iko chini ya 500, kuongeza Hash hakutakusaidia kitu. Unapotuma amri kwa mkono, tanguliza Threads ndipo Hash.

MultiPV 5 nayo inakula kina. Weka 1, au 2 ukitaka kulinganisha hatua.

FarasiF3:
Syzygy kwenye diski ya kuzunguka ndiyo inayokuua kete zikibaki chache. Kila swali la jedwali linasubiri diski. Majedwali ya kete 3 hadi 5 ni kama GB 1 tu, mafaili 290. Yahamishie kwenye SSD leo hii. Ya kete 6 ni kama GB 150, ila huhitaji kuyahamisha yote: wakati wa kutafuta, injini husoma mafaili ya .rtbw (yanayosema ushindi, sare au kushindwa), ambayo ni chini ya nusu ya ukubwa huo. Mafaili ya .rtbz yanaweza kubaki kwenye diski ya nje. Kwenye SyzygyPath (mpangilio wa mahali majedwali yalipo) andika folda zote mbili, utenganishe kwa nukta mkato (kwenye Linux ni nukta pacha). Kama SSD haina nafasi, weka SyzygyProbeLimit (kikomo cha kete za majedwali) 5.

Threads mimi ningeweka 8, sawa na viini halisi.

Mdau_wa_Nodi:
Kwa uchambuzi sikubali, mkuu. Nyuzi za ziada bado zinaongeza nguvu kidogo. 14 inatosha, mbili ziachie programu na Windows. Nane au pungufu ni kwa mechi za injini kwa injini, tena uzime kufikiri kwa zamu ya mpinzani, la sivyo injini mbili zitagombania viini vilevile.

Ngome64:
Asanteni sana. Nodes searched haibadiliki, avx2 imeongeza kasi waziwazi, na wasifu mpya haufi. Hash 4096, kete 5 ziko SSD, taa imetulia. Kilichobaki: kasi bado inashuka taratibu dakika za mwanzo, hata nikiwa kwenye nafasi ileile.

KeteNyeusi:
Hapo kagua joto. Endesha bench 4096 14 26 (Hash, nyuzi, kina) huku ukitazama mzunguko wa prosesa kwenye Task Manager. GHz zikishuka pamoja na nodi, safisha feni na ubadilishe pesti ya joto. GHz zikibaki palepale, funga programu nyingine zote, kisha angalia kama antivairasi inaikagua folda ya injini na ya Syzygy. Ziondoe folda hizo kwenye ukaguzi wake.