Kumpiga bibi picha: dirishani, mlangoni au nimpeleke studio?

Mjukuu_Ujiji
Habari wakuu. Nipo likizo Ujiji na kabla sijarudi Dar nataka nimpige bibi picha ya maana, maana tulizonazo zote ni za harusini na misibani, kasimama pembeni nusu kafunikwa na bega la mtu. Flashi sitaki, jicho moja alishatolewa mtoto wa jicho na la pili bado, mwanga mkali unamsumbua. Kamera ninayo na lenzi ya 50mm, simu pia ipo. Sasa sebuleni kuna dirisha kubwa linatazama magharibi upande wa ziwani, chumbani kwake kidirisha cha kusini kina nondo na wavu wa mbu, halafu mlango wa uani unatazama mashariki. Shangazi yeye anasema nimpandishe bajaji tu nimpeleke studio yaishe. Nyie mngechagua wapi?

Mgebuka_Mkavu
Mtoe uani mkuu, mwanga wa bure upo nje huko, madirisha ya nini

Fundi_TBR
Mgebuka hapo nakukatalia, uani mchana jua lipo utosini, macho ya bibi yatakuwa mashimo mawili meusi na atakunja uso mwanzo mwisho.

Mjukuu sikia, mimi napiga picha huku Tabora, harusi, vipaimara, kila kitu. Maelekezo mengi ya Ulaya yanasema tafuta dirisha la kaskazini, hiyo ni kwa sababu kwao jua linapita kusini. Sisi tupo kama digrii 5 tu kusini ya ikweta, jua linahama, mwezi huu wa 7 lipo kaskazini na Desemba linakuwa kusini. Kwa hiyo sasa hivi hicho kidirisha cha chumbani hakipigwi na jua siku nzima, mwanga ni wa anga tupu, mzuri kweli, shida yake ni udogo. Dirisha dogo ukikaa nalo mbali kivuli kinakata kama kisu, kwa hiyo bibi akae karibu kabisa, mita 1 hivi, na wavu wenyewe unakula mwanga. Mimi ningechukua la sebuleni ila asubuhi. Na Kigoma siyo Dar, jua huko linachelewa karibu dakika 40, utosini linafika saa 7 na kidogo mchana, kwa hiyo asubuhi yote upo salama, saa 9 likianza kuingia ndani moja kwa moja fungasha.

Setingi: uwazi wa lenzi f/2.8, usishuke 1.8 maana jicho moja litakuwa kali jingine ukungu. Spidi ya shata isipungue 1/125, wazee wanatikisika kidogo, ISO (wepesi wa kamera kupokea mwanga) iache ipande mpaka 800 haina neno.

Mama_Katubuka
Naongezea la mwaka jana nilipompiga baba. Taa ya ndani niliiacha inawaka, uso upande mmoja bluu mwingine chungwa, nimehangaika na apu mpaka nikakata tamaa. ZIMA TAA. Halafu baba ni mweusi tii, kamera ikiachiwa iamue yenyewe inamng'arisha mpaka anakuwa wa kijivu kama kapakwa majivu, kwa hiyo kwenye simu bonyeza usoni ushikilie mpaka ijifunge kisha vuta kale kaalama ka jua chini kidogo.

Kanga_Mbili
Kama ni simu zima ile inayolainisha uso, bibi atatoka kama mwanasesere. Na usimsogelee na lenzi pana pua itavimba, rudi nyuma utumie zumu ya 2. Miwani anavaa? Ukiona dirisha limo kwenye vioo, vijiti vya miwani vinyanyue kidogo nyuma ya masikio.

Mjukuu_Ujiji
Miwani havai, anasema inamzeesha 😂 Kesho naleta majibu.

Mjukuu_Ujiji
Wakuu nimerudi. Asubuhi baada ya chai nikamkalisha dirishani sebuleni, ubavu kwa dirisha. Upande wa mwanga safi, makunyanzi yote yanaonekana, upande wa pili giza, shangazi kachungulia akasema mbona umemfanya kama mgonjwa. Nikatandika shuka jeupe kwenye kiti upande wa giza, nikamgeuza uso kidogo kuelekea dirishani, ikakaa sawa kabisa. Ila bibi mwenyewe kakauka, mikono magotini, picha ya kitambulisho. Chumbani nimejaribu dakika 5 nikaacha, nafasi hamna, mgongo wangu uko kabatini.

Sasa saa 10 jioni bibi kakaa zake kwenye kizingiti cha mlango wa uani anachambua mchele. Jua lipo nyuma ya nyumba, yeye yupo kivulini, mbele yake uwanja mwekundu unamrudishia mwanga wa joto joto, na ule mchele mweupe kwenye ungo unamulika kidevu kutoka chini. Sikumpanga wala sikumwambia geuka. Nimepiga kama 30 hivi ndiyo akanyanyua uso, "umemaliza kunichungulia mume wangu? Njoo utoe mawe."

Fundi_TBR
Ungo wa mchele ndiyo riflekta, yaani kirudisha mwanga, hiyo sikuifikiria aisee. Angalia tu ule wekundu wa udongo usizidi kwenye shingo, punguza rangi kidogo kabla hujasafisha.

Mama_Katubuka
Na shangazi kasemaje?

Mjukuu_Ujiji
Kachagua ya dirishani, anasema hii ya mlangoni watu watadhani bibi hatuna wa kumsaidia kazi. Nasafisha zote mbili, ya dirishani ikae sebuleni, ya mlangoni naondoka nayo Dar.

Mgebuka_Mkavu
Si nilisema uani nikapingwa 😂😂

Fundi_TBR
Kizingitini mkuu. Kizingitini siyo uani.