Riwaya ya upelelezi wa kijijini imeniangusha: nihamie Marple, Agatha Raisin au Bwana Msa?

Kurasa_Tanga: Wakuu, nimemaliza riwaya moja ya mji mdogo wa Marekani: mama mwenye duka la keki anageuka mpelelezi, diwani kafa kwenye tamasha la maboga. Mji umechorwa hadi unanukia mdalasini, hapo sina neno. Lakini muuaji ni binamu ambaye hatukuwahi hata kumsikia, anaibuka mwishoni, anaungama mwenyewe huku kashika bastola. Na mkuu wa polisi, mchumba wa mama keki, anamsomea ripoti ya daktari mezani wakila! Sasa huyu kapeleleza nini? Nina vitabu vitatu mkononi: The Murder at the Vicarage (1930) chenye Bibi Marple, Agatha Raisin and the Quiche of Death (1992), na Mzimu wa Watu wa Kale (1960) chenye Bwana Msa. Kipi kwanza?

MlaVitabu: Cha Agatha Christie, cha Bibi Marple, bila kusita. Kanali Protheroe anapigwa risasi ndani ya chumba cha kazi cha kasisi, na kijiji kizima cha St. Mary Mead kilikuwa kimemchoka. Kasisi ndiye msimulizi, na mapema kabisa anatamka kwamba atakayemuua kanali ataifanyia dunia hisani! Saa ya kasisi husogezwa mbele dakika 15 makusudi, jambo ambalo wenyeji wa nyumba wanalijua na mgeni halijui. Vitu vya aina hiyo vinawekwa mbele yako, ukishindwa ni juu yako. Bibi Marple yuko bustanini kwake, anaona nani kapita na saa ngapi. Hasomewi ripoti na mtu.

dada_Likoni: Mimi naona tatizo la mama keki si dalili zilizofichwa. Alikuwa na sababu gani ya kujitia humo? Agatha Raisin anayo. Kahamia Carsely kutoka London, anataka wanakijiji wampende, ananunua pai dukani na kuipeleka kwenye mashindano kana kwamba kaipika yeye. Jaji anaila, anakufa. Aibu peke yake ingemtoa mtu nyumbani. Uchunguzi wenyewe ni wa kubahatisha, nakubali, lakini utacheka.

Kurasa_Tanga: Huyo wa pai nimeanza kumpenda.

Mwanaunguja: Jamani, Bwana Msa mmemwacha mlangoni? Mzimu ulishinda shindano la uandishi la East African Literature Bureau la 1957-58 kabla haujachapwa. Ila nikwambie ukweli, ndugu yangu: kama kinachokukera ni kufichwa, mwandishi wake, Muhammed Said Abdulla, naye anaficha. Bwana Msa anavuta kiko chake, anakaa kimya, kisha mwishoni anafungua mzigo wote kwa mpigo. Ni mtindo wa Sherlock Holmes, na rafiki yake Najum ndiye Watson wake, yule msaidizi wa Holmes. Tofauti ni kwamba fumbo limetoka mle mle ndani ya jamii, kwenye mali, nasaba na siri za watu wazima. Huwezi kulihamishia mji mwingine. La binamu mwenye bastola unalihamisha popote. Na Kiswahili chake! Mazungumzo tu yanatosha kukuweka macho.

Babu_Kahawa: Mbona hamjamtaja Mma Ramotswe, yule mpelelezi wa riwaya za Botswana?

MlaVitabu: Shikamoo babu. Yule si mpelelezi wa kujitia tu, ni kazi yake, ana ofisi Gaborone aliyoifungua kwa fedha za ng'ombe alioachiwa na baba yake. Na wateja wake wengi wana shida za waume, si za maiti.

Babu_Kahawa: Marahaba. Basi ndiyo afadhali, maiti za nini kila wiki?

Kurasa_Tanga: Naanza na kasisi. Mzimu nilio nao ni nakala ya kurudufu, kurasa za katikati hazisomeki. Kuna mwenye nzima Tanga hapa aniazime?

Mwanaunguja: Ninayo, lakini niko Unguja. Nitumie ujumbe wa faragha, kuna mtu wetu anavuka Ijumaa.