Maji ya ploti Utawala: povu jingi, chai nyeusi. Haya ndiyo maji magumu?

BintiKisauni:

Habari zenu wandugu. Nimehamia Utawala kutoka Mombasa na maji ya ploti hii yamenishinda kuyaelewa.

Mimi nimelelewa Kisauni kwa maji ya kisima, kwa hivyo maji magumu nayajua. Unasugua sabuni hadi kiganja kinauma na povu halitoki, kanzu nyeupe zageuka kijivu, na sufuria ya chai yajenga ukoko mweupe wa kukwangua kwa kisu. Haya ya hapa ni kinyume chake. Sabuni kidogo tu beseni limejaa povu, na kulisuuza ndiyo kazi. Nikioga ngozi yabaki na utelezi kama nimepakwa ute wa bamia. Maharagwe yaiva upesi mpaka yavurugika. Chai ndiyo yaniumiza zaidi: majani yale yale, maziwa yale yale, lakini yatoka nyeusi-nyeusi na ina ladha ya magadi. Glasi zikikauka zina madoa meupe, na kwa hayo madoa jirani ameniambia haya ni maji magumu, niyachemshe yatalainika.

Kisha kuna siku mfereji huo huo watoa maji mazuri kabisa, chai yang'aa. Nikimuuliza msimamizi wa ploti asema, "Maji ni maji, mama."

Nina mtoto wa miaka minne. Watoto kadhaa waliokulia hapa wana madoa ya kahawia kwenye meno, sijui ni maji ama ni peremende. Nichemshe? Ninunue kichujio? Anayejua anijuze.

Jirani_Zimmerman:

Madoa ya glasi futa kwa siki au ndimu, yanatoka mara moja. Hayo mengine utazoea, hii ni Nairobi. Huku kwetu maji yakitoka tunakinga kwanza, hatuyaulizi kabila.

FundiPampu:

Dada, jirani yako ana nia njema lakini amekupoteza. Mimi kazi yangu ni kushusha na kupandisha pampu za visima virefu, Ruai hadi Karen, na maji uliyoyaeleza nayafahamu vizuri.

Ploti yenu ina maji ya aina mbili kwenye tangi moja. Siku chai inapong'aa ni siku ya mgao, mmepata maji ya jiji. Sehemu kubwa ya hayo hutoka bwawa la Ndakaini kule Gatanga, Murang'a, husafishwa Ng'ethu, kisha huteremshwa hadi Gigiri. Ni mvua ya milima ya Nyandarua iliyopita juu ya ardhi kwa haraka, haikupata muda wa kuyeyusha mawe, basi ni maji laini. Siku nyingine mwenye nyumba anawasha pampu ya kisima. Simtetei, lakini mabwawa hayatoshi jiji hili na kila mtu anajua.

Maji ya kisima kirefu cha Nairobi yamelala ndani ya mawe ya volkano miaka na miaka. Ugumu wa maji huletwa na kalsiamu na magnesiamu. Kisima chenu cha Kisauni kilichimbwa kwenye mawe ya matumbawe, ambayo ni chokaa tupu, ndiyo maana sabuni ilikuwa inagoma. Huku kwetu chini kalsiamu imebadilishana nafasi na sodiamu, na kilichobaki ni sodiamu na baikaboneti, ndugu wa karibu wa yale magadi watu hutia kwenye maharagwe. Ndiyo hayo yanayopika maharagwe yako kupita kiasi, yanayoitia chai weusi na kukuachia utelezi. Madoa ya glasi ni chumvi hizo hizo baada ya maji kukauka, si lazima yawe ya ugumu.

Sasa hapa ndipo wengi hupotea. Kalsiamu ikiwa nyingi hushikana na floraidi, madini ya kwenye mawe ambayo yakizidi huharibu meno, na kuigandisha, kwa hivyo floraidi haibaki nyingi majini. Kalsiamu ikiondoka, floraidi inakosa wa kuishika. Basi maji ya kisima yenye povu na utelezi ndiyo ya kutiliwa shaka kuliko yale yanayokataa sabuni. Kiwango cha mwisho cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita, na visima vingi vya Nairobi vinapita hapo.

Floraidi haina rangi wala harufu, na kwa kiasi hicho huwezi kuionja. Meno ya ukubwani hujengwa ndani ya ufizi tangu utotoni hadi kama miaka minane. Floraidi ikizidi katika kipindi hicho, meno huota na madoa ambayo mswaki hautoi. Wewe meno yako yalishaumbika. Huyo wa miaka minne ndiye wa kuangaliwa. Sisemi ndiyo sababu ya meno ya watoto wa ploti, hilo ni la daktari wa meno, lakini ningeanzia hapo kabla ya kulaumu peremende.

Kuchemsha kunaua vijidudu, endelea nako. Lakini floraidi haiondoki na mvuke: maji yanapungua, yenyewe inabaki, kwa hivyo ukichemsha sana unaizidisha. Dawa ya klorini haiigusi. Kichujio cha mkaa wa kawaida kinatoa harufu tu. Na tafadhali usiuziwe mtambo wa kulainisha maji, ule wa kutiwa chumvi. Nimekuta mtu Syokimau ameufunga kwa pesa nyingi, na kazi yake ni kutoa kalsiamu na kuweka sodiamu. Kalsiamu yenyewe haikuwepo! Amelipa aongezewe kilichokuwa kinamsumbua.

BintiKisauni:

Shukran sana, fundi. Sasa naelewa kwa nini Jumatano jioni chai hukubali.

Nimesoma mahali kwamba mkaa wa mifupa huondoa floraidi. Mifupa ya mnyama gani? Samahani kwa swali, lakini kwangu ni muhimu. Na hayo maji ya jiji, nimpe mtoto hivi hivi yatokavyo?

MamaWawili_Pipeline:

Mimi nilichoka nikaanza kununua maji ya kujaza, mtungi wa lita 20 kwa kunywa na kwa uji wa mtoto, ya kufua ni ya mfereji. Ila angalia duka. La kwanza nililokuwa nanunua, yule kijana alikuwa anachovya kakifaa kadogo mbele yako, namba inatoka, anasema "safi hii." Nikamwamini mpaka daktari wa meno akaniuliza maji yanachujwaje nikakosa jibu.

FundiPampu:

Hako kakifaa kanasoma jumla ya chumvi zilizoyeyuka, basi. Hakajui floraidi wala vijidudu. Muulize mwenye duka kama ana mtambo unaosukuma maji kwa nguvu kupitia utando mwembamba, na utando ulibadilishwa lini. Huo unaondoa sehemu kubwa ya floraidi. Wengine wana vichujio vya kawaida na taa ya kuua vijidudu pekee, na maji wanayojaza ni ya kisima kama chako.

Binti, usiombe samahani. Mkaa wa mifupa umetumika sana upande wa Nakuru, na kwa kawaida huwa ni mifupa ya ng'ombe iliyochomwa kwa joto kali. Amechinjwa na nani, hilo siwezi kukuhakikishia. Kama roho haikubali, achana nao, kwa sababu hata hivyo mkaa huo huchoka na unahitaji kupimwa na kubadilishwa.

Njia ya bei nafuu: siku ya mgao, kinga kabla maji hayajaingia kwenye tangi. Karibu na mita mara nyingi kuna mfereji mdogo, msimamizi anaujua hata akikuambia maji ni maji. Jaza mitungi ya kunywa na kupikia ya wiki, ifunike. Hayo yachemshe, usimpe mtoto hivi hivi. Bomba lililokaa tupu hunyonya uchafu wa nje kupitia nyufa, na huku kwetu mabomba ya maji na ya choo yanapakana. Yakianza na rangi ya kutu, yaache yatiririke kwanza. Yakija meupe pepepe, tia kwenye glasi: yakianza kung'aa kutoka chini kwenda juu, hiyo ni hewa tu.

Kisha mwombe mwenye nyumba karatasi ya kisima. Kisima cha halali kina kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji, na maji yake huwa yamepimwa. Tafuta mstari wa floraidi, mingine utanitumia nikusomee. Akisema imepotea, changeni wapangaji mpeleke sampuli maabara. Chukueni siku ya pampu, si siku ya mgao. Ya floraidi weka kwenye chupa safi ya plastiki, isuuze kwanza kwa maji hayo hayo. Ya vijidudu ni chupa nyingine, wanakupa wao, na lazima ifike ikiwa baridi siku hiyo hiyo.

BintiKisauni:

Mwenye nyumba yuko Kitui hadi mwisho wa mwezi. Wapangaji wa orofa yangu wamekubali kuchanga, tunangoja pampu iwashwe kesho.