Tupeane uzoefu: umeamka asubuhi, gari lako limevutwa kwenye paking ya jengo unalopanga

Mpangaji wa ghorofa ya tatu (mwanzisha mada)

Wakuu, salamu. Juzi nimetoka saa kumi na moja alfajiri kuwahi kazini, ufunguo mkononi, nikakuta nafasi yangu tupu. Usiku mvua ilinyesha, lami yote imelowa isipokuwa pale lilipokuwa gari: pakavu pa pembe nne, kama mtu ametoka kukunja mkeka. Nikasimama hapo nabonyeza rimoti kama mwehu, nikisubiri lilie popote lilipo. Sijui kwa nini, ila nikapapiga picha.

Kumbe limevutwa na bredauni, lile gari la kuvuta magari mengine, likapelekwa yadi ya kampuni inayovuta. Sababu eti halina stika ya jengo. Stika ilikuwepo, ila gundi iliisha kwa jua ikadondokea chini ya kiti. Kodi nalipa, paking imo kwenye mkataba, mpaka namba ya nafasi imeandikwa. Yadi wanataka hela ya kuvuta na hela ya kulaza gari kwa kila siku. Meneja ananiambia ongea na yadi, yadi wananiambia ongea na meneja.

Yaliyowakuta ninyi ni yapi? Kuna aliyewahi kurudishiwa hela?

Dereva wa zamu ya usiku

Pole mkuu. Mimi nilianza vibaya, nilikimbilia kuripoti wizi. Saa mbili nzima kituoni naandika maelezo, mwisho askari wa dawati la pili akaingiza namba ya gari kwenye kompyuta, likaonekana liko yadi. Sehemu nyingi kampuni inayovuta gari kwenye eneo la mtu binafsi inatakiwa kuwataarifu polisi. Kwa hiyo ukifika usiseme "nimeibiwa." Uliza kwanza kama namba hiyo imeripotiwa kuvutwa, na kama haimo ndipo uandikishe wizi.

Jirani yangu yalimkuta kinyume chake. Alidhani limevutwa, akazunguka yadi kwa yadi siku mbili, kumbe wezi walishafika nalo mbali.

Niliwahi kuendesha bredauni

Msinipige mawe. Kazi hiyo niliifanya miaka minne, nalipwa kwa kila gari ninaloingiza yadi. Mshahara wa mwezi haukuwepo. Sasa fikirieni mtu wa namna hiyo akiachiwa geti la jengo usiku na tochi. Tulikuwa tunapita tunamulika vioo, asiye na stika tunambeba. Hakuna aliyetupigia simu.

Mwanzisha mada, swali lako liwe moja: nani alitoa amri ya kuvuta gari hili? Ukiulizia stika watakuzungusha. Kalifornia kwa mfano, kifungu cha 22658 cha sheria ya magari kinataka mwenye eneo au mwakilishi wake atoe idhini ya maandishi kwa gari husika, isipokuwa mambo machache kama gari lililoziba njia ya zimamoto au geti. Tena kampuni iwe na picha zinazoonyesha kosa lenyewe. Dai hiyo karatasi na hizo picha. Nilikofanya kazi karatasi zilikuwa zimesainiwa tupu, kitabu kizima, sisi tunajaza tarehe. Meneja akiulizwa kuhusu gari fulani hajui hata rangi yake.

La pili. Ukinikuta bado nafunga minyororo, njoo tuongee. Hukohuko Kalifornia, gari ambalo halijatoka nje ya eneo ni lazima liachiwe mwenyewe akidai, na kama limeshafungwa anatozwa si zaidi ya nusu ya gharama ya kuvuta. Ila usiingie ndani ya gari lililoning'inia. Niliona mtu akivunjika kiwiko akigombea gari bovu.

La tatu, na hili watu hulisahau: angalia limebebwaje. Gari linalosukumwa na tairi zote nne likiburuzwa huku mbili ziko chini, mfumo wa gia unaweza kufa. Halionyeshi siku hiyo. Linakuja kulia wiki ya pili, wewe umeshasaini kwamba umelipokea salama.

Mama wa pacha

Langu lilivutwa na viti vya watoto ndani, dawa ya pumu ya mmoja wao ndani, na leseni yangu ndani. Yadi wakaniambia bila leseni siwezi kuchukua gari, na bila kulipa siwezi kufungua mlango kuchukua leseni. Nililia palepale dirishani.

Baadaye nikaambiwa kwamba kinachoshikiliwa ni gari, vitu vya ndani ni vyangu. Sheria za sehemu nyingi zinakuruhusu kutoa vitu vyako kabla ya kulipa, na Kalifornia hawaruhusiwi kukutoza kwa hilo saa za kazi. Siku hizi picha ya leseni na ya kadi ya gari ziko kwenye simu.

Mwenye kiti cha magurudumu

Naomba niharibu sherehe kidogo. Nafasi yangu ni pana kwa sababu nahitaji kufungua mlango mpaka mwisho na kushusha kiti. Mwaka jana mgeni wa mtu aliegesha hapo mara tatu, "dakika tano tu." Mara ya tatu nilikaa ndani ya gari langu saa moja na nusu. Niliita bredauni mwenyewe, na nitaita tena.

Mpangaji wa ghorofa ya tatu

Hapo hatubishani, dada. Mimi nilikuwa kwenye nafasi yangu mwenyewe.

Aliyechelewa kodi

Mimi nilidaiwa mwezi mmoja. Wiki hiyohiyo jina langu likatolewa kwenye orodha ya paking bila taarifa, usiku gari likaondoka. Meneja akanijibu bila aibu: lipa kodi, utaliona. Nikampelekea mkataba, nikamuomba anionyeshe mstari unaosema gari langu ni dhamana ya kodi. Haukuwepo. Aliandikia yadi waliachie.

Kosa nililofanya baada ya hapo ndilo nataka mlisikie. Nilikata gharama ya yadi kwenye kodi ya mwezi uliofuata bila makubaliano yoyote, nikaletewa barua ya kuhama. Ilinichukua miezi kuinyoosha. Daini hela yenu kivyake, kodi ilipeni kivyake.

Katibu wa wapangaji

Kwetu shida ilikuwa kanuni mpya. Meneja alibandika tangazo kwenye lifti Jumamosi, Jumapili usiku magari sita yakaondoka. Mmoja wetu alikuwa safarini, tangazo angelionea wapi?

Kwa walioko Texas, sheria ya nyumba ina kipengele cha hili: mwenye nyumba anatakiwa kumpa mpangaji kanuni za paking na uvutaji, na akizibadilisha katikati ya mkataba amtaarifu kwa maandishi. Pia hukohuko unaweza kuomba mahakama ndogo iamue kama gari lilivutwa kihalali, ila ombi liwe limefika kabla ya siku ya 14 tangu gari liingizwe yadi, wikiendi na sikukuu za kitaifa hazihesabiwi. Siku zikipita, haki hiyo inakwenda. Kila mtu atafute muda wa mahali alipo leo hii, asisubiri hasira ipoe.

Na bango, jamani. Kapigeni picha bango la onyo kabla halijabadilishwa. Letu lilikuwa nyuma ya mti.

Niko Uingereza

Huku England na Wales, tangu Oktoba 2012 kufunga gari mnyororo au kulivuta kwenye eneo binafsi bila mamlaka ya kisheria ni kosa la jinai. Wanakuandikia tu barua za kudai malipo. Barua zenyewe sasa... hiyo ni mada nyingine.

Mpangaji wa ghorofa ya tatu

Nimelitoa jana. Nimelipa, maana kila siku ya kubishana ni siku nyingine ya kulilaza. Kwenye risiti nimeandika kwa mkono kabla ya kusaini: "nalipa huku nikipinga." Yule kijana wa dirishani akauliza hiyo ndiyo nini, nikamwambia asome. Stika nimeiokota chini ya kiti, nikaipiga picha hapohapo yadi. Risiti inasema walilichukua saa 5:40 usiku.

Niliwahi kuendesha bredauni

Mvua ilinyesha saa ngapi?

Mpangaji wa ghorofa ya tatu

Ilianza kama saa nane hivi, niliamka kuanua nguo. Kwa nini?

Niliwahi kuendesha bredauni

Mkuu, si ulisema pale chini palikuwa pakavu? Kama lilichukuliwa saa 5:40, mvua ya saa nane ingeloanisha nafasi yako kama kwingine. Yadi nyingi zinahesabu siku kwa tarehe. Gari likiandikwa limeingia kabla ya saa sita usiku, umeshadaiwa siku nzima ambayo halikulala kwao. Mchezo huo naufahamu sana. Kamwombe mlinzi kamera ya geti kabla haijajifuta.

Mpangaji wa ghorofa ya tatu

Wakuu, mrejesho. Kamera inaonyesha bredauni likiingia getini saa 9:12 usiku. Taa zimezimwa! Nimeandika barua moja, nakala kwa meneja na kwa yadi: ukurasa wa mkataba wenye namba ya nafasi, picha ya stika, picha ya lami, picha ya kamera, na ombi la karatasi ya idhini. Nikawapa siku kumi, la sivyo mahakama ya madai madogo.

Yadi wamerudisha hela ya siku moja kimyakimya, hata barua hawakuandika. Meneja alikaa siku nane. Ya tisa akaniita, akakiri karatasi ya idhini hana, akaandika kwa mkono wake kwamba gharama yote iliyobaki itapunguzwa kwenye kodi ya mwezi ujao. Kaandika yeye, kasaini yeye. (Nimemsikia yule wa barua ya kuhama.)

Kuhusu magari kuvutwa bila karatasi ya idhini, katibu wa wapangaji wa jengo letu anakusanya majina. Tuko wanne.

Mgeni humu

Samahani wakuu, sijamaliza kusoma uzi wote. Niko paking sasa hivi, gari langu halipo. Nianzie wapi?

Niliwahi kuendesha bredauni

Usisogee hapo. Chini pamelowa au pakavu?