Antibayotiki kwa mtoto mchanga na unene wa baadaye: naombeni ushauri

Tuliza Moyo: Habari wanajamvi. Mwanangu ana miezi 9, alizaliwa kwa upasuaji. Nimesoma kwamba watoto wa hivyo hukosa baadhi ya bakteria wa tumboni wanaotoka kwa mama, na antibayotiki zikiingia mapema, hatari ya unene huongezeka. Mimi mwili umenitesa tangu shule. Je, ni kweli? Na ule unga wa bakteria wazuri unasaidia? Silali.

Mama Watatu: Nyonyesha, dada. Maziwa yako yana sukari ambazo mtoto mwenyewe hazimeng'enyi, ni chakula cha bakteria wake. Siku hizi tunakimbilia chupa. Wangu wa pili alizaliwa kwa kisu, nikamnyonyesha miaka miwili, leo ana miaka 11 na mbavu unazihesabu.

Fundi Saa: Wangu alikuwa kibonge, shingo haionekani. Alipoanza kutembea yote yakaisha, sasa kumkamata ni mbio.

Mtoa Dawa: Mama, mbona unauliza leo? Kuna dawa ameandikiwa?

Tuliza Moyo: Ya sikio. Siku 7.

Mtoa Dawa: Anaitumia?

Tuliza Moyo: Nilimpa siku 2, juzi nikaacha. Homa ilishashuka. Msinihukumu, kuna utafiti wa panya kabisa, na ule unga nimeshaagiza.

Mtoa Dawa: Naujua. Maabara ya Martin Blaser, New York, 2014. Walipewa penisilini kidogo kidogo tangu kuzaliwa, wakaongeza mafuta. Bakteria wao walipohamishiwa panya wasio na bakteria, nao wakanenepa. Jambo zito. Lakini panya wale hawakuwa wagonjwa. Kwa watoto, uhusiano huo huonekana zaidi kwa waliopewa dawa mara nyingi, na bakteria wa tumboni huendelea kujijenga hadi karibu miaka 3. Sikio halina muda huo. Unga haujathibitika kuzuia unene, na hautibu sikio.

Jicho Kali: Hii chai. Mtu asiyelala anazijua habari za maabara? Juzi ulipita uzi kama huu, mtoto wa miezi 6. Tunachezewa.

Mama Watatu: Hata kama ni chai, yuko mama mwingine anasoma kimya na chupa ya dawa ameificha kabatini. Jibuni.

Tuliza Moyo: Si chai. Chupa iko mbele yangu, haijafika hata nusu. Analalia sikio la kushoto. Leo asubuhi shuka lilikuwa na doa la njano limekauka, nikaligeuza baba yake asilione.

Mtoa Dawa: Huo ni usaha. Mpigie aliyekuandikia, mtajie siku ulizoruka, usijipangie dozi mwenyewe. Kwanza washa taa uangalie nyuma ya sikio. Pakiwa pekundu au pamevimba, usipige simu, nenda hospitali.

Jicho Kali: Mama, upo?

Tuliza Moyo: Nimewasha. La kushoto limesukumwa mbele kuliko la kulia. Nimemwamsha baba yake, tunatoka.