Neti ya waya imekata ghafla kwenye laptop: tundu jipya, adapta ya USB au waifai?

Mkazi_Raskazone
Wakubwa shikamooni, wengine habari zenu. Laptop ni ya Windows 10, waya wa Cat5e wa mita 20 hivi kutoka kwenye ruta. Asubuhi neti ipo, mchana haipo. Waifai ya ruta hiyohiyo inashika. Fundi mmoja anataka kubadilisha tundu la neti kwa kuchomelea, dukani wanasema chukua adapta. Kipi kina maana?

Barabara_ya_8
Mkuu, usitoe hata shilingi kabla hujatazama taa. Kama tundu la laptop halina taa, tazama ile ya kwenye ruta. Haiwaki kabisa: waya, kichwa au tundu. Inawaka imetulia na neti hakuna: anwani ya IP (namba ya laptop kwenye mtandao) au draiva (programu inayoendesha kadi ya neti), na hapo kuchomelea tundu ni kumtibu mgonjwa wa jino kwa kumfunga bandeji mguuni.

Kisha tafuta waya mfupi unaojulikana kuwa mzima, mita 1 inatosha, chomeka laptop kando ya ruta. Jaribu na tundu jingine la LAN kwenye ruta, yale ya vifaa vya ndani. Lile lililokaa peke yake, mara nyingi lenye rangi tofauti, ni la WAN (linaloingiza intaneti), liache.

NetiMakorora
Naongezea upande wa programu, maana wengi wanauruka. Zima waifai KWANZA, la sivyo kila jaribio litapita hewani na utadhani waya umepona.

Fungua cmd (dirisha la kuandika amri), andika ipconfig. Ukiona anwani inaanza na 169.254, ruta haijaipa laptop anwani, imejipa yenyewe. Toa amri ya ipconfig /release, halafu ipconfig /renew. Ikigoma, fungua cmd kama msimamizi, netsh int ip reset, kisha netsh winsock reset, uwashe upya. Anwani ikiwa sawa, ping ruta (yaani ijaribu kama inajibu), halafu ping 8.8.8.8, seva ya Google huko nje. Hiyo ikijibu na kurasa bado hazifunguki, ni DNS tu, huduma inayogeuza majina ya tovuti kuwa anwani.

Dawa nyingine isiyo na gharama: zima laptop, chomoa chaja na waya wa neti, toa betri kama inatoka, shikilia kitufe cha kuwashia sekunde 30. Kadi ya neti inaweza kubaki na umeme hata laptop ikiwa imezimwa, kwa hiyo ikiganda, kuzima na kuwasha kwa kawaida hakuigusi.

Mkazi_Raskazone
Nimefanya yote. Waya mfupi, tundu jingine la ruta, hali ileile: taa inawaka sekunde chache, inazima, inawaka tena.

Barabara_ya_8
Hapo umetupa jibu. Andika ncpa.cpl kwenye cmd ipate kufunguka orodha ya kadi za neti, ingia kwenye sifa za kadi ya waya, tafuta Speed & Duplex, toa Auto, weka 100 Mbps Full. Ikitulia, kuna pini hazigusi.

Sababu ni hii: kasi ya megabiti 100 inatumia pini 1, 2, 3 na 6 tu. Gigabiti inataka zote 8. Kadi na ruta zinakubaliana gigabiti kupitia jozi zilizo nzima, zikianza kazi jozi mbovu inaziangusha, zinaanza upya. Ndiyo kuwaka na kuzima huko.

Mkazi_Raskazone
Imetulia kwenye 100!

Tochi_na_Koleo
Basi mulika tundu kwa tochi. Pini 4, 5, 7 au 8 imelala au ina ukijani. Huku pwani chumvi ya hewani inaingia pale dhahabu ya juu ilipokwanguka, shaba ya chini inashika kutu. Laptop ikiwa imezimwa na betri imetolewa, mswaki laini na spiriti ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, acha ikauke robo saa. Pini iliyolala inyanyuliwe kwa sindano taratibu. Ukiikunja mara mbili itakatika. Usafi ukifanikiwa, huna haja ya kununua kitu.

NetiMakorora
Na usafi ukishindwa, mimi nachagua adapta bila kusita. Kuchomelea tundu kwenye bodi kuu ni pini 8 pamoja na miguu ya ganda, na joto likizidi njia za shaba zinabanduka. Afadhali kidogo kama tundu liko kwenye kipande kidogo cha bodi cha pembeni, hicho kinabadilishwa kizima.

Ila soma boksi. Adapta iliyoandikwa 10/100 haitakupa zaidi ya ulichonacho sasa. Tafuta ya gigabiti ya USB 3.0, chipu RTL8153 au AX88179, na uichomeke kwenye USB 3. Kwenye USB 2.0 utaambulia megabiti mia tatu na kitu.

Upepo_wa_Kusi
Kwani 100 haimtoshi? Kama kifurushi chake hakifiki hapo, abaki hivyohivyo. Waifai nayo ni nzuri mkikaa chumba kimoja na ruta. Kuta nene za mawe zinainyonya, hasa ya GHz 5.

Barabara_ya_8
Upepo kasema kweli, isipokuwa anahamisha mafaili makubwa baina ya kompyuta za ndani.

Mawili ya mwisho, Mkazi. Adapta ina anwani yake ya MAC (namba ya utambulisho ya kadi ya neti), kwa hiyo kama ruta imekutengea IP kwa MAC ya zamani, sajili mpya. Na huo waya wa mita 20, kama unapita nje ya nyumba, radi za masika zinaweza kuua adapta na ruta pamoja. Uingize ndani, au kipande cha nje kiwe cha faiba, waya wa mwanga usiopitisha umeme.